Baridi Ambayo Haikuwapo: Uchambuzi wa Vichwa vya Usubi Katika Mkanda wa Kijivu wa Ziwa la Mlimani

Nguzo ya mashapo tunayoichambua hapa ilitolewa katika ziwa dogo lililo juu ya mstari wa miti, yaani mahali mlimani ambapo miti huishia. Kijito kimoja tu huingia humo, kikishuka kutoka bonde la juu ambako theluji hubaki hadi katikati ya kiangazi. Karibu nguzo yote ni tope la kahawia, laini, lenye mabaki mengi ya mimea. Katikati yake umepita mkanda wa kijivu wa mchanga laini na udongo wa mfinyanzi, unene wake kama sentimita 3, mpaka wake wa chini ukiwa mkali na wa juu ukififia polepole. Mkanda huo ndio uliozua mjadala. Mchambuzi wa kwanza alihesabu vichwa vya mabuu ya usubi vilivyokuwa ndani yake, akavilinganisha na vya tope la kahawia, akaandika kwamba joto la kiangazi lilishuka ghafla, kisha likapanda tena. Mchambuzi wa pili alipewa slaidi zilezile, akakataa.

Niseme wazi kwamba kisa hiki ni cha kufundishia. Ziwa lenyewe nimeliunda kwa kuunganisha hali zinazojirudia katika kazi hii, ili hoja zote zionekane mahali pamoja. Wadudu, maumbo yao, mbinu za maabara na tafiti zinazotajwa ni halisi. Nimekichagua kwa sababu mchambuzi wa kwanza hakuwa mzembe. Alikuwa na ufunguo sahihi wa utambuzi, yaani mfuatano wa maswali yanayomfikisha mtu kwenye jina la mdudu, aliufuata hatua kwa hatua, na bado alifika kwenye baridi ambayo mashapo hayaishuhudii.

Vichwa vyenyewe

Usubi wasiouma, wa familia ya Chironomidae, huishi sehemu kubwa ya maisha yao wakiwa mabuu chini ya maji. Buu hupitia hatua nne za ukuaji, na kila linapojivua huacha gamba la kichwa. Mwili wake laini huoza upesi. Kichwa, kwa kuwa kimeundwa kwa kitini, ile dutu ngumu ya magamba ya wadudu, huweza kukaa katika tope kwa maelfu ya miaka huku meno yake yakiwa bado yanahesabika. Vichwa vya hatua ya tatu na ya nne ndivyo vinavyohifadhika vizuri. Vya hatua za mwanzo ni vyembamba na vidogo mno, vingi hupotea topeni au hupita kwenye chekecheke. Usubi aliyekomaa ana mabawa, hivyo spishi huweza kuingia ziwa jipya, au kutoweka katika ziwa la zamani, mapema kuliko msitu unavyoweza kupanda au kushuka mlimani.

Mwaka 1991 Ian Walker na wenzake walionyesha, kwa mashapo ya mashariki mwa Kanada, kwamba baridi ya kipindi cha Younger Dryas, kati ya miaka 12,900 na 11,700 hivi iliyopita, imeandikwa katika vichwa hivi. Wapo waliopinga wakati ule, wakisema kwamba kina cha maji, virutubishi na aina ya tope huwaathiri mabuu kuliko joto linavyowaathiri. Upinzani huo ulikuwa na faida. Uliwalazimisha watafiti kukusanya tope la juu kabisa kutoka maziwa mengi yenye joto linalojulikana, na kupima kila aina ya usubi inaelemea joto gani. Seti ya Ulaya iliyochapishwa mwaka 2011 na Oliver Heiri, Stephen Brooks, John Birks na André Lotter iliunganisha maziwa 274 ya Norway na ya milima ya Alps, na kosa lake la ukadiriaji ni karibu nyuzi 1.5 za Selsiasi. Msomaji aishike namba hiyo, maana itahitajika mbele.

Kutoka tope hadi slaidi

Sehemu hii ni fupi kwa sababu maabara nyingi huifanya kwa namna moja. Tope lililopimwa hulowekwa katika myeyuko wa potasiamu haidroksaidi wa asilimia 10 uliopashwa moto taratibu, ili madonge yaachane, kisha huoshwa juu ya chekecheke lenye matundu ya mikromita 90 au 100. Kinachobaki humwagwa kidogo kidogo kwenye trei, na vichwa huokotwa kimoja kimoja kwa kibanio chenye ncha nyembamba chini ya hadubini inayokuza mara 25 hadi 40. Kila kichwa hulazwa kwenye slaidi sehemu ya chini ikitazama juu, kwa sababu karibu alama zote zinazotenganisha aina ziko huko: bamba la kidevu lenye safu ya meno, ambalo wataalamu huliita mentamu, mabamba mawili ya pembeni yake, na mataya. Utambuzi wenyewe hufanywa kwa ukuzaji mkubwa zaidi, hadi mara 400.

Kichwa kilichopasuka kikabaki na nusu ya mentamu huhesabiwa nusu. Kilichobaki na zaidi ya nusu huhesabiwa kizima. Kilicho na pungufu ya nusu hakihesabiwi. Kanuni hii ni nzuri kwa hesabu, lakini tutaona kwamba haisemi lolote kuhusu alama zilizo mbali na mentamu, ambazo zinaweza kuwa zimevunjika hata kama mentamu ni nzima kabisa.

Kuhusu idadi, mwaka 2001 zilichapishwa tafiti kadhaa zilizouliza vichwa vingapi vinatosha, na jibu lililozoeleka tangu hapo ni kwamba kwa kawaida visipungue 50 kwa sampuli. Tope la kahawia la ziwa letu lilitoa idadi hiyo kwa gramu chache tu. Mkanda wa kijivu ulihitaji tope mara nyingi zaidi kufika hapo. Uhaba huo peke yake ni ushahidi. Pale ambapo vichwa ni vichache mno ndani ya tope la madini, dhana ya kwanza inayopaswa kupimwa ni kwamba tope lilishuka kwa kasi na vichwa vikazama ndani ya wingi wake. Mchambuzi wa kwanza aliongeza tope mpaka akapata vichwa vyake 50, akaendelea na kazi. Hakuuliza kwa nini alilazimika kuongeza.

Usomaji wa kwanza

Katika tope la kahawia, chini na juu ya mkanda, jamii ya usubi ilikuwa ile inayotarajiwa katika ziwa baridi lenye maji safi na oksijeni ya kutosha: Micropsectra kwa wingi, Paratanytarsus ya aina ya austriacus, Psectrocladius, Heterotrissocladius, Procladius na Zavrelimyia. Tanytarsus ya aina ya lugens ilikuwapo, lakini kwa uchache.

Ndani ya mkanda mambo yalibadilika kwa namna mbili. Kwanza, Micropsectra ilishuka sana na Tanytarsus ya aina ya lugens ikachukua nafasi yake. Pili, alitokea mgeni ambaye hayupo kwingine kokote katika nguzo: Diamesa, jenasi inayojulikana kwa kuishi katika maji baridi sana, hata penye mdomo wa barafuto, yaani mto wa barafu unaotambaa polepole mlimani, ambako viumbe wengine wachache tu huweza kuvumilia. Pamoja naye kulikuwa na vichwa vichache vya Eukiefferiella, na vipande kadhaa vilivyoandikwa kwenye karatasi ya hesabu kama "wadudu wengine" bila kuelezwa zaidi.

Hadithi ilijiunga yenyewe. Tangu siku za August Thienemann, aliyeyapanga maziwa kwa kutazama mabuu yaliyo kilindini, jamii ya Tanytarsus lugens imehusishwa na vilindi baridi vyenye oksijeni. Diamesa inahusishwa na barafuto. Udongo wa kijivu unahusishwa na unga wa mawe unaosagwa na barafuto. Ushahidi wa aina tatu ukaonekana kuelekea upande mmoja: barafuto ilikua katika bonde la juu, maji yakapoa, ziwa likabadilika. Kwenye grafu ya joto kulikuwa na bonde dogo lenye ncha, linalopendeza macho.

Ushahidi huo wa aina tatu haukuwa huru. Tukianza na sehemu iliyo ngumu zaidi kuiona, ile ya mabuu mawili yanayofanana, jambo hilo litajionyesha lenyewe.

Mwiba wa kitako cha kipapasio

Ili kufika kwenye jina, mtu huanza na maswali mapana. Je, kichwa kina ulimi wenye meno unaoonekana wazi, na kidevu ambacho sehemu yake kubwa ni utando? Huyo ni wa nusufamilia ya Tanypodinae, wawindaji. Je, kina mentamu ngumu yenye meno, na mabamba ya pembeni hayana michirizi? Mara nyingi ni Orthocladiinae au jamaa zao wa maji baridi. Je, mabamba ya pembeni yana michirizi mingi iliyotandazwa mithili ya upepeo? Ni Chironominae. Ndani ya hao, kundi la Tanytarsini hutambulika kwa mabamba membamba marefu yanayokaribiana sana katikati, na kwa vipapasio vilivyokaa juu ya vitako virefu.

Mpaka hapo kichwa kilichochakaa kiasi bado husomeka, na nadhani hapa ndipo imani ya mchambuzi hujengeka kupita kiasi. Maswali manne ya kwanza yamejibika bila shida, la tano linaonekana la namna ileile. Lakini swali la tano hutegemea kitu kidogo kuliko vyote. Mabuu ya Micropsectra huwa na mwiba uliochomoza kwenye ncha ya kitako cha kipapasio. Tanytarsus ya aina ya lugens haina mwiba wa ukubwa huo. Ufunguo huuliza: mwiba upo au haupo? Mchambuzi wa kwanza alitazama, hakuona mwiba, akaandika Tanytarsus.

Ufunguo ule uliandikwa kwa kichwa kizima. Kwa buu lililo hai, kukosekana kwa mwiba ni sifa ya mnyama. Kwa kichwa kilichoburutwa na mchanga, kikazikwa, kikapashwa moto katika alkali na kubanwa na kibanio, kukosekana kwa mwiba kunaweza kuwa sifa ya mnyama au historia ya kichwa chenyewe. Alama inayotambulisha kwa kuwapo kwake na alama inayotambulisha kwa kutokuwapo kwake hazina uzito mmoja, hata zikiwa zimeandikwa katika mstari mmoja wa ufunguo. Kila uharibifu wa Micropsectra huizalisha Tanytarsus ya uongo. Hakuna uharibifu unaoweza kufanya kinyume chake, kwa sababu mwiba hauoti topeni.

Mchambuzi wa pili alirudi kwenye kila kichwa kilichoandikwa Tanytarsus ya aina ya lugens, akapandisha ukuzaji, akaisogeza fokasi juu na chini polepole penye ncha ya kitako. Alikuta hali za namna tatu. Vichwa vichache vilikuwa na ncha yenye ukingo laini, mweusi, usiokatika mahali popote. Hivyo havikuwahi kuwa na mwiba. Vingine vilikuwa na ukingo uliochanika, mwembamba upande mmoja, na hapo mwiba ulikuwa umeng'oka, au ncha nzima ya kitako imekatika. Vya tatu vilikuwa na mwiba wenyewe, umelala chini ya kitako baada ya kichwa kubanwa na kioo cha juu. Ulionekana tu fokasi iliposhuka. Hivi vya tatu vikarudishwa Micropsectra bila ubishi.

Kwa vile vilivyochanika alitafuta msaada kwingine. Mwongozo uliochapishwa mwaka 2004 na Oliver Heiri, Torbjørn Ekrem na Endre Willassen, unaohusu vichwa vya Micropsectra, Paratanytarsus na Tanytarsus wa Ulaya, ni msaada mkubwa katika hali hii, kwa sababu hautegemei kitako peke yake. Huangalia pia idadi na mpangilio wa meno ya ndani ya taya, na umbo la kisogo cha kichwa. Vichwa vilivyobaki na taya vilipata jina. Vingine, ambavyo mataya yake yalikuwa yameondoka pamoja na mwiba, havikupata. Viliandikwa "Tanytarsini, visivyotambulika zaidi", na idadi yao ndani ya mkanda ilikuwa kubwa kuliko ya aina yoyote iliyotajwa kwa jina.

Hapa kuna kishawishi cha kuvigawa. Maabara nyingi huchukua Tanytarsini wasiotambulika na kuwagawa kwa uwiano wa waliotambulika ndani ya sampuli hiyohiyo, ili asilimia zisipotee. Katika tope lenye uhifadhi wa kawaida sina tatizo na utaratibu huo, maana uharibifu hugusa kila aina karibu sawa. Katika mkanda wa kijivu siukubali. Waliotambulika humo si mfano wa wote, ni wale ambao alama yao ilinusurika, na aina mbili hizi hazinusuriki kwa nafasi sawa: moja hutambulika kwa kitu kinachovunjika, nyingine kwa kutokuwa nacho. Kuwagawa kwa uwiano ni kuuzidisha upotovu uleule kisha kuuita hesabu.

Asilimia ya vichwa vilivyovunjika vitako ni kipimo ambacho ningependa kiandikwe kwa kila sampuli, pembeni ya majina. Hapa ilikuwa ndogo katika tope la kahawia na kubwa sana katika mkanda. Mchoro wa uvunjikaji na mchoro wa "kupanda" kwa Tanytarsus ulifanana karibu mstari kwa mstari. Hayo mawili yakifanana hivyo, aliyepanda si Tanytarsus.

Diamesa walitoka wapi

Kuhusu mgeni, swali la kwanza ni kama kweli ni Diamesa. Nusufamilia ya Diamesinae hutambulika vizuri kwa kipande cha tatu cha kipapasio chenye pete-pete, lakini vipapasio ni katika viungo vya kwanza kupotea topeni. Kinachobaki ni mentamu na safu yake ya meno mengi madogo, na meno hayo husagika kadiri buu linavyokwangua mawe, kabla hata halijafa. Jamaa anayeweza kuchanganywa naye ni Pseudodiamesa, na mkanganyiko huo una gharama kubwa. Pseudodiamesa huishi pia ndani ya maziwa baridi ya milimani na ya kaskazini ya mbali. Kama vichwa hivi vingekuwa vyake, usomaji wa baridi ungekuwa na mguu wa kusimamia. Mchambuzi wa pili alivipitia vyote, akavitenga vilivyosagika mno na kuviacha katika ngazi ya Diamesinae, na vilivyobaki na mentamu safi alivithibitisha kuwa Diamesa. Jina la kwanza lilikuwa sahihi.

Kwa hiyo tunao Diamesa wa kweli. Lakini mabuu ya Diamesa huishi katika maji yanayotembea. Alexander Milner na Geoffrey Petts, katika mfano wao wa mito ya barafuto uliochapishwa mwaka 1994, waliwaweka Diamesa mwanzoni kabisa mwa mto, mahali ambapo joto la juu kabisa la maji halivuki nyuzi 2 hivi. Wanapatikana pia katika vijito vya theluji na chemchemi baridi, na si katika milima ya kaskazini tu. Wapo hata juu ya milima mirefu ya Afrika Mashariki, ingawa huko funguo za Ulaya hazitoshi, na anayefanya kazi huko aanze na maelezo ya vichwa vya Afrika Mashariki yaliyochapishwa mwaka 2004 na Hilde Eggermont na Dirk Verschuren. Popote walipo, Diamesa huzungumzia kijito. Kichwa chake kikikutwa katikati ya ziwa, kwanza kinatuambia kwamba kitu fulani kilikibeba mpaka pale.

Vile vipande vilivyoandikwa "wadudu wengine" ndivyo vilivyofunga hoja. Mchambuzi wa pili alivigeuza na kukuta ni videvu vya mabuu ya Simuliidae, wale inzi wadogo wanaouma ambao mabuu yao hujishikiza kwenye mawe na kuchuja chakula kwa feni za kichwani. Mabuu hayo hayaishi katika maji yaliyotulia. Yanahitaji mkondo. Karatasi nyingi za hesabu hazina safu yao, kwa sababu hayamo katika hesabu ya joto, na ndiyo maana hutupwa kirahisi. Ningeomba kila anayehesabu vichwa vya usubi aandike pia Simuliidae, Ceratopogonidae (usubi wanaouma), mataya ya Chaoborus (jamaa wa mbu ambao mabuu yao huelea majini) na magamba ya utitiri wa maji. Kazi hiyo huongeza dakika chache kwa slaidi, na mara nyingine, kama hapa, vipande hivyo ndivyo vinavyosema sampuli ilifikaje ilipo.

Diamesa, Eukiefferiella na Simuliidae, wote wa maji yaendayo, wakaingia kwa pamoja ndani ya mkanda wa madini wenye mpaka mkali chini. Vitako vya vipapasio vimevunjika ndani ya mkanda huohuo. Sababu ni moja: kijito kilifurika, kikabeba mchanga na mabuu yake, kikavimwaga ziwani. Mafuriko ndiyo yaliyomleta Diamesa, na mafuriko hayohayo ndiyo yaliyoivunja miiba ya Micropsectra na kuitengeneza Tanytarsus. Udongo wa kijivu nao ni mzigo wa mafuriko hayo. Ushahidi wa aina tatu uliodhaniwa kuthibitishana ulikuwa matokeo matatu ya tukio moja, na tukio hilo halikuwa baridi.

Hesabu ya joto

Njia iliyozoeleka ya kukadiria joto ni wastani wenye uzani. Kila aina hupewa joto inakoelemea, kisha wastani huchukuliwa kwa kuzingatia wingi wa kila aina. Tuchukue mfano mwepesi wa hesabu. Katika vichwa 100, vichwa 20 ni vya Diamesa na tumeipa nyuzi 6, na 80 vilivyobaki kwa pamoja vinaelemea nyuzi 10. Jibu ni nyuzi 9.2. Mwondoe Diamesa, jibu linarudi nyuzi 10. Buu ambalo halikuishi ziwani hata siku moja limelipoza ziwa kwa nyuzi 0.8.

Tofauti hiyo iko ndani ya kosa la nyuzi 1.5. Mchambuzi wa kwanza alilijua hilo na aliliandika. Alijitetea kwamba sampuli nyingine zote zilikuwa tulivu na hii peke yake ilichomoza, na utetezi huo si wa kupuuzwa, maana kosa la seti nzima halimaanishi kwamba kila badiliko dogo ndani ya ziwa moja ni la bure. Sampuli ikichomoza peke yake, kweli kuna jambo limetokea. Kwamba jambo hilo ni la joto, hilo lilihitaji kuthibitishwa kivyake.

Kipimo chepesi kilikuwapo. Kama bonde la juu lingekuwa limepoa kwa miaka mingi, tope la kahawia lililoanza kujikusanya mara tu juu ya mkanda lingebeba jamii ya ziwa iliyobadilika: Micropsectra ya aina ya radialis, ambayo ni ya maziwa baridi zaidi, ingeanza kuonekana, na Psectrocladius ingerudi nyuma. Mchambuzi wa pili alikata sampuli nyembamba zaidi, zinazogusana, kuanzia chini kidogo ya mkanda hadi juu yake. Milimita za mwisho kabla ya mkanda na milimita za kwanza baada yake zilikuwa na jamii ileile kwa uwiano uleule. Mkanda wenyewe, kwa mpaka wake mkali na punje zinazozidi kuwa ndogo kuelekea juu, ulishuka kwa muda mfupi sana, pengine siku chache. Hauna kiangazi ndani yake cha kupimwa joto. Tena vichwa vilivyomo si lazima viwe vya wakati mmoja, kwani mafuriko yanayokwangua kingo za ziwa na za kijito huweza kufukua tope la zamani na kulizika upya. Kwa sababu hiyohiyo, umri wa kaboni 14 uliopimwa kwenye mabaki ya mimea ndani ya mkanda usitumike kujenga mfuatano wa umri wa nguzo. Sentimita 3 hizo huondolewa kwanza kwenye kina, ndipo umri unapokadiriwa.

Kilichoandikwa mwishoni

Katika jedwali la mwisho sampuli ya mkanda imebaki, na kila kichwa chake kimebaki. Sipendi desturi ya kufuta sampuli ngumu kimyakimya, maana atakayeichimba nguzo nyingine ya ziwa hilo ataukuta mkanda huo na atahitaji kujua ulikuwa na nini. Diamesa, Eukiefferiella na Simuliidae wameandikwa katika safu ya wanyama wa kijito, nje ya hesabu ya joto. Ziko maabara ambazo huwaacha ndani ya hesabu kwa hoja kwamba nao ni sehemu ya mandhari baridi, na kwa ziwa linalopokea maji ya barafuto mfululizo hoja hiyo ina nguvu. Kwa ziwa ambalo Diamesa hutokea mara moja tu, ndani ya tope la mafuriko, sioni msingi wake.

Tanytarsini waliovunjika wameachwa katika jina lao pana, bila kugawiwa. Vichwa vyenye ukingo usiokatika penye kitako vimeandikwa Tanytarsus ya aina ya lugens, navyo ni vichache kama vilivyo katika tope la kahawia. Kichwa kimoja kimebaki na alama ya kuuliza pembeni: kitako kimoja kina ukingo safi, cha pili kimechanika, na taya pekee lililobaki limelala kwa ubavu, meno yake ya ndani hayahesabiki. Mahali kilipo kwenye slaidi pameandikwa kwa vipimo vya meza ya hadubini, ili mwenye jicho jingine akitafute na kuamua. Safu ya joto kwa sampuli hiyo imeachwa wazi, na mstari wa grafu unapita kutoka sampuli ya chini hadi ya juu bila kugusa mkanda.